Karavani, Forester na mizani ya Industrial Area

Nairobi kila mtu ni bingwa wa kuvuta. Sema tu umenunua karavani, ile nyumba ndogo ya kuvutwa na gari, utaulizwa injini ya gari lako ni ya ukubwa gani, na namba yoyote utakayoitaja itajibiwa, "Ah, hiyo itavuta bila wasiwasi." Kuvuta, itavuta. Ambalo hakuna aliyetuuliza, kuanzia mafundi wa Kirinyaga Road hadi majirani wetu wa South C, ni gari lenyewe litabaki na nafasi ya kubeba nini likishafungiwa trela, na likianza kuteremka Mai Mahiu litasimamishwa na nini. Naandika haya kwa sababu kuna familia kadhaa tunazozijua ambazo zimeanza kutafuta karavani, na pesa tulizotoa sisi kujifunza si lazima nao wazitoe.

Karavani yetu ilitengenezwa Afrika Kusini, ni ya ekseli moja, imezeeka lakini haijaoza. Tuliinunua Karen kwa mzee aliyekuwa akifunga virago kurudi kwao, shilingi 620,000 baada ya chai na ubishi wa kutosha. Kabla hujatoa hela hakikisha trela lina hati yake ya umiliki. Trela nchini Kenya husajiliwa peke yake, namba yake huanza na herufi Z, na jina lililo kwenye hati liwe la anayekuuzia. Hilo kwetu lilikwenda vizuri. Kilichotusumbua ni kibati kidogo cha kiwanda kilichopigiliwa karibu na mlango, ambacho mwenyewe alikuwa amekipaka rangi juu. Tulipokikwangua kwa sarafu tulisoma namba mbili: kilo 890 ikiwa tupu, kilo 1,200 ikiwa imepakiwa. Hiyo ya pili ndiyo mwisho wake, maji, gesi, vyombo na magodoro vyote vikiwa ndani.

Mzee alituapia kwamba gari letu, Subaru Forester, lingeitosha, maana yeye aliwahi kuivuta hadi Maralal kwa gari "la ukubwa huo huo". Baba Nasra, mume wangu, alifurahi. Mimi niliomba kwanza tusome makaratasi.

Forester yetu, kama magari mengi ya hapa, ilikuja kwa meli kutoka Japani na kitabu cha Kijapani ambacho hakuna aliyewahi kukifungua. Kwenye cheti cha kuuzwa nje ya Japani kuna uzito wa gari likiwa tupu na uzito wake wa jumla. Toa mmoja kwa mwingine, unapata kilo 275. Nilidhani hapo nimepata kiwango cha mzigo. Kumbe Wajapani huzidisha tu idadi ya viti kwa kilo 55: watu watano, kilo 275, basi. Mimi kilo 55 nimeziacha zamani. Tulipanda mzani wa bafuni mmoja mmoja, sisi wawili na watoto watatu, tukafika 312 kabla hata ya begi moja.

Tukatafuta viwango vya kuvuta. Kwa Forester ya kizazi chetu, kile kilichoanza mwaka 2012, kitabu cha Marekani kinaruhusu ratili 1,500, ambazo ni kama kilo 680. Kitabu cha Australia kinaruhusu gari hilo hilo la lita 2.5 kuvuta kilo 1,500 ikiwa trela lina breki zake, na kilo 750 ikiwa halina. Anayekutajia kiwango cha gari lako, basi, muulize ni cha soko gani na cha trela la aina gani. Ukiona viwango viwili vinatofautiana hivyo, shika kile kidogo, hasa ukiwa na gari lililokwisha kula kilomita za watu wengine.

Halafu kuna mwinuko. Injini ya petroli isiyo na turbo hupoteza karibu asilimia 10 ya nguvu kwa kila mita 1,000 unazopanda juu ya usawa wa bahari. Nairobi tuko karibu mita 1,700, Limuru imepita 2,200. Kwa hiyo nguvu zilizoandikwa kitabuni hazijawahi kufika hapa zikiwa kamili, na safari zetu nyingi huanza kwa kupanda.

Lakini kilichoiondoa Forester kabisa ni shingo ya karavani, kile chuma cha mbele kinachoiunganisha na gari. Trela haliburutwi tu, sehemu ya uzito wake hulala juu ya tufe la chuma lililofungwa nyuma ya gari. Ili litulie barabarani, wanaofuata mtindo wa Marekani hutaka asilimia 10 hadi 15 ya uzito wa trela iwe hapo. Ulaya huridhika na chini kidogo ya hapo kwa sababu karavani zao na mwendo wao ni tofauti. Kwa karavani ya kilo 1,200, asilimia 10 ni kilo 120. Jumlisha na sisi 312, umefika 432, na bado hujatia hata chupa ya maji. Huenda mhandisi wa kiwanda aliacha nafasi kubwa kuliko ile ya cheti. Sikuwa tayari kuikisia nikiwa na watoto kiti cha nyuma. Baba Nasra alinuna wiki nzima.

Shemeji yangu ana pikapu ya dizeli yenye turbo, ya safu mbili za viti, na alikuwa dereva wa malori ya Mombasa hadi Malaba kabla ya kufungua duka. Pikapu za rika hilo hutangazwa kuvuta hadi kilo 3,500, na hapo kila mtu alidhani mjadala umekwisha. Shemeji peke yake ndiye aliyesema, "Twende mizani."

Mizani si lazima iwe ile ya serikali ya barabara kuu. Industrial Area kuna wenye mizani zao binafsi, wanaonunua vyuma chakavu, na kwa shilingi mia chache wanakupimia chochote. Nenda asubuhi na mapema kabla malori hayajapanga foleni. Nenda ukiwa umepakia kama siku ya safari yenyewe: gesi, maji, vyakula, mahema, kila kitu. Pima gari peke yake tangi likiwa limejaa, kisha fungua trela ulipime peke yake. Mizani hizo kwa kawaida husoma kwa hatua za kilo 20, na hiyo inatosha. Kijana wa pale alizunguka karavani yetu, akagonga bati kwa kidole, akauliza, "Mama, na hii nyumba mnaiuza kwa kilo?"

Pikapu, 2,080. Karavani, 1,360.

Kilo 160 juu ya mwisho wake. Wala hatukuwa tumebeba anasa. Tulirudi nyumbani tukaitoa kila kitu uani, na ndipo nilipogundua mzee wa Karen alikuwa amewekewa meza ya jikoni ya graniti. Jiwe la unene wa sentimita mbili hukaribia kilo 54 kwa mita ya mraba. Kile kipande chetu kilikuwa zaidi ya kilo 30. Kitanda cha pili kilikuwa kimejengwa kwa mbao nzito za kabati, za kutosha kubeba ng'ombe. Kulikuwa na betri mbili, moja ikiwa imekufa zamani. Madumu ya maji yalikuwa ya lita 60, na lita moja ya maji ni kilo moja, hakuna ujanja. Mtungi wa gesi wa kilo 13 nao ni kilo 13 za gesi peke yake, chuma cha mtungi hakijahesabiwa. Tukachukua wa kilo 6. Sufuria zangu za pilau zilitetewa kwa ukali na zikashindwa kwa kura. Tuliporudi mizani tulisoma 1,180.

Nitatoka nje ya mada kidogo. Mafundi wetu wa jua kali ni hodari, na mtu akikukarabatia karavani Kariobangi Light Industries atakufanyia kazi ya kudumu. Tatizo ni hiyo kudumu. Fundi anajivunia chuma kinene na mbao nzito, kwa sababu wateja wake wote wengine ndicho wanachodai. Mwambie kabla hajaanza kwamba unalipia wepesi, na kila kitu atakachokiweka kipimwe kwanza. Tulipofanya hivyo, yule wetu aliifurahia kazi, akatengeneza kitanda cha vipande vyembamba vinavyopitisha hewa, na meza ya plaiwudi ambayo mtoto wa darasa la tatu anaibeba.

Tukafunga trela tukaenda kulijaribu Southern Bypass Jumapili asubuhi, shemeji akiendesha nami pembeni. Baiskeli za watoto tulikuwa tumezifunga nyuma ya karavani, na sanduku la vifaa lilikuwa chini ya kitanda cha nyuma, kwa sababu ndiko kulikokuwa na nafasi. Tulikuwa kwenye kilomita 80 kwa saa, tukiteremka kidogo upande wa msitu wa Ngong, basi kubwa lilipotupita. Upepo wake ulitusukuma kando, kisha ukatuvuta. Kwenye kioo niliona karavani ikienda kulia, ikarudi kushoto, ikaenda kulia zaidi. Pikapu ilianza kufuata mdundo huo kutoka nyuma, kama mtu anayekushika kiuno anakutikisa. Nikapiga kelele, "Shika breki!" Shemeji hakushika. Aliondoa mguu kwenye mafuta taratibu, akashikilia usukani wima bila kuukimbiza huku na huku, akaacha mwendo ushuke wenyewe. Kufika kama 60 mkia ulikuwa umetulia. Tukaegesha, na nilimwona akipangusa viganja kwenye suruali.

Alinieleza baadaye, kwa maneno ya dereva wa lori. Ukikanyaga breki za gari kwa nguvu, gari linapunguza mwendo lakini trela bado linasukuma, na kwa kuwa limeshakaa upande, linausukuma mkia wa gari upande huo huo. Ukiongeza mafuta kujaribu kulinyoosha, unapandisha mwendo, na kuyumba hukua na mwendo. Ukikimbizana nalo kwa usukani, unalichochea. Iwapo trela lina breki za umeme zenye kitufe cha mkono ndani ya gari, unazibana hizo peke yake, zinalivuta trela nyuma linyooke. Breki zetu si za aina hiyo.

Chanzo tulikipima mchana ule ule uani. Tuliweka mzani wa bafuni chini, kipande cha mti juu yake, tukashusha shingo ya karavani juu ya mti huo kwa urefu ule ule wa tufe la pikapu. Soja wa mtaa alikuja na kiti chake kutazama. Mzani ulisema kilo 50 tu, hata asilimia tano haikufika. Baiskeli tukazihamishia kwenye bodi la pikapu. Sanduku la vifaa tukalisogeza juu ya ekseli ya karavani, na vyakula vya kopo mbele kidogo ya ekseli. Tukapima tena: 120. Tuliporudi Southern Bypass mabasi yakapita, karavani ikatikisika kidogo na kukaa.

Angalia pia upande wa pili wa hesabu. Kilo 120 shingoni hazibaki 120 kwenye gari. Tufe liko nyuma ya ekseli ya nyuma, kwetu kama mita moja na robo, na umbali kati ya ekseli mbili za pikapu ni kama mita 3.1. Kwa nguvu ya wenzo, ekseli ya nyuma inapata karibu kilo 170, na ile ya mbele inapunguziwa kama 50. Ndiyo maana ukipakia nyuma sana usukani unakuwa mwepesi na taa zako zinamulika madereva wa mbele machoni. Kabla ya kufunga trela, pima kwa tepu kutoka ardhini hadi kwenye ukingo wa juu wa gurudumu la mbele na la nyuma, kisha pima tena baada ya kufunga. Pua ikiwa imepanda sana, rudi ukapakue.

Pikapu yenyewe ilikuwa na nafasi. Kibati chake kiliruhusu jumla ya kilo 2,910, kwa hiyo 830 zilibaki, na kwa kuwa Baba Nasra alikubali kutufuata na Forester akiwa na watoto wawili, hatukufika hata karibu na hapo. Gari la kukufuata lina faida nyingine: anayefuata ndiye anayeona taa ya trela ikizimika au tairi ikilala.

Tairi za karavani zilikuwa na meno mazuri, na hapo ndipo watu huingia mtegoni. Karavani hukaa miaka bila kutembea, mpira unazeeka umesimama. Soma tarakimu nne za mwisho ubavuni, baada ya herufi DOT: zetu zilisomeka 0911, maana yake wiki ya 9 ya mwaka 2011. Tukanunua mpya, na tukahakikisha namba ya mzigo inatosha. 91, kwa mfano, ni kilo 615 kwa tairi moja.

Breki za karavani yetu ni zile za kusukumwa: gari likipunguza mwendo, karavani inasukuma shingo yake mbele, shingo inavuta kebo, breki zinashika. Ni rahisi na hazihitaji umeme. Lakini ukirudi nyuma nazo pia zinashika, maana shingo inasukumwa vile vile, na za zamani zina kidude cha chuma cha kufunga kabla ya kurudi. Kidude chetu kilikuwa kimekwama kwa kutu. Kebo ya dharura, ambayo hufungwa kwenye gari ili ikivutika ibane breki ya mkono ya trela iwapo shingo itachomoka, ilikuwa imefungwa kwa waya wa kuku. Viatu vya breki, kebo, beringi na grisi, pamoja na kusuka upya nyaya za taa, vilitugharimu shilingi 58,000. Tairi mbili na ufundi wa kupunguza uzito vikawa 47,000 nyingine. Bima nayo ni simu ambayo watu huisahau: uliza kama bima ya gari inafuata trela, na jibu lake liwe kwa maandishi. Kampuni yetu ya bima ilidai trela tuliandikishe.

Basi tukaenda Naivasha, na tukapita chini, kwa Mai Mahiu. Barabara ile ilijengwa na wafungwa wa vita wa Kiitaliano miaka ya 1940, kikanisa chao kidogo bado kiko chini ya mteremko, na sidhani walikuwa wakifikiria malori ya leo yakiwa yamejipanga pua kwa mkia. Shemeji aliingiza gia ya chini kabla mteremko haujaanza, si katikati yake. Injini ilinguruma na gari likashuka kwa 35, 40. Breki aliigusa kwa nguvu kidogo na kwa muda mfupi, kisha akaiachia ipoe, badala ya kuikalia njia nzima. Matatu zilitupigia honi na kujipenyeza kwenye kila nafasi tuliyoiacha mbele. Kila moja ilipoingia, shemeji aliacha nafasi nyingine bila kusema neno. Sijawahi kumheshimu mtu hivyo.

Mai Mahiu tuliegesha kwenye kituo cha mafuta, nikazunguka karavani nikipeleka kiganja karibu na katikati ya kila gurudumu. La kulia lilikuwa vuguvugu. La kushoto lilinifukuza kabla sijaligusa, na kulikuwa na harufu ya kitu kilichoungua. Breki ya upande huo ilikuwa imekazwa kupita kiasi. Tuliiacha ipoe tukala mahindi ya kuchoma, kisha fundi wa pale akaliinua gurudumu, akalizungusha kwa mkono, akalegeza skrubu ya marekebisho hadi lilipozunguka bila kukwaruza. Shilingi 500. Tangu hapo kila kituo huwa napitisha kiganja, hata tukisimama kununua maziwa tu.

Kurudi nyuma kuingia kambini ziwani ndiko kulikotuaibisha mbele ya wageni. Shika usukani chini kabisa, saa sita ya chini. Mkono ukienda kushoto, karavani inakwenda kushoto. Geuza kidogo, subiri uone, rekebisha mapema. Likishakunjika sana haliokoki, songa mbele lijinyooshe uanze upya. Anayekuelekeza asimame mahali unapomwona kwenye kioo, na awe mmoja. Sisi tulikuwa na waelekezaji wanne, mmoja wao ana miaka saba.

Kupanda kurudi kulitufundisha jambo moja la giaboksi. Ikiachwa ichague yenyewe kwenye mlima ule, inapanda na kushuka gia mfululizo, na kila badiliko ni joto. Shemeji aliibana kwenye ya tatu, jicho kwenye mshale wa joto, akawaacha wenye haraka wapite. Mafuta yalikwenda karibu mara mbili ya kawaida ya pikapu ile.

Sasa Baba Nasra anataka Mombasa. Ni kama kilomita 480, barabara ya malori usiku na mchana, na joto la Voi saa saba mchana. Shemeji amekubali kwa masharti mawili: tuondoke alfajiri, na atakayeendesha kipande cha Mtito Andei hadi Voi awe amefanya mazoezi ya kurudi nyuma hadi aingize karavani kati ya ndoo mbili bila kuziangusha. Uwanja wa shule ya watoto uko wazi Jumamosi. Ndoo ya kushoto tayari imepasuka.